Msasi akiumia maweni, safari ya kumtoa ilipiwe na nani?

Mtoa hoja, Makunduchi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tulijadili jambo ambalo kwetu kusini ya Unguja huzungumzwa siku mbili tatu kila anapojeruhiwa mtu, kisha likasahauliwa mpaka ajeruhiwe mwengine. Msasi, yaani mwindaji, akiumia ndani ya maweni, ile nyika ya mawe ya matumbawe isiyopitika kwa gari, gharama ya kumtoa huko hadi kumfikisha hospitali iwe juu ya nani: yeye mwenyewe, wenziwe, shehia, au Serikali?

Nalisema hili kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliombeba jirani yetu aliyepasuliwa paja na nguruwe dume. Msako ule uliitishwa na wakulima wenyewe, kwani nguruwe walikuwa wameshamaliza muhogo wa makonde matatu, na kama mjuavyo nguruwe hana mlaji kwetu, kwa hivyo aliyekwenda hakufuata kitoweo. Mnyama alipogeuka ndani ya kichaka, mbwa walitawanyika na yule bwana akawa ndiye aliye mbele. Tulimfunga shuka juu ya jeraha, tukakata miti miwili kwa panga, tukautandaza wavu wa kusasia juu yake, na huo ndio uliokuwa machela yetu. Asiyeyajua maweni atafikiri kazi ilikuwa uzito wa mgonjwa. Kazi ilikuwa miguu: jiwe lina ncha kama wembe, mashimo yamefunikwa na majani, na kila hatua mtu wa mbele humwambia wa nyuma pa kukanyaga. Tulikuwa wanane, tukipokezana wanne wanne, na ilituchukua saa mbili kufika pahala ambapo gari ya ng'ombe iliweza kutufuata. Kutoka hapo mpaka barabarani, kisha tukatafuta pikapu, na mwenye pikapu akataka kwanza fedha ya mafuta. Simlaumu, kwani hata yeye hununua. Tukasimama kando ya njia tukichangishana kwa simu, huku mgonjwa amelala juu ya majani ya ng'ombe, midomo imemkauka.

Hospitali hakudaiwa kitu kwa kushonwa. Alichodaiwa kilikuwa njia, na hapo ndipo penye hoja yangu. Tangu 1964 Zanzibar imejengwa juu ya msingi wa matibabu yasiyolipiwa, na sasa tunao Mfuko wa Huduma za Afya ulioundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2023, ambao ulianza na watumishi wa umma. Mazungumzo yote yanahusu kinachotokea baada ya mgonjwa kuingia mlangoni. Kwa mtu wa mjini hilo linatosha, lakini kwa aliyeumia maweni, mlango wa hospitali ndio mwisho wa hatari na si mwanzo wake, kwa sababu mshipa mkubwa wa paja ukikatika mtu humalizika damu kwa dakika chache, na hata ukisalimika, kila saa njiani humpunguzia nguvu.

Linganisheni na mgeni. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni asiye mkaazi anayeingia Zanzibar hulazimika kukata bima ya safari ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, nayo humlinda kwa siku 92, na miongoni mwa yaliyomo ni kuhamishwa kwa dharura. Sina kinyongo na mgeni, maana amelipa. Nauliza tu ni bima gani ambayo msasi wa Muyuni au Mtende angeweza kuilipa hata kama angetaka. Pendekezo langu ni kwamba wasasi wote wenye kibali waingizwe katika mpango wa kulipiwa safari ya dharura.

Mchangiaji, Chwaka

Wa alaykum salaam. Pole kwa yaliyomkuta jirani yenu, lakini mimi napinga. Usasi wa nguruwe unajulikana, ila tusijifanye hatujui kwamba wako wanaoaga wanakwenda kuua nguruwe na wakarudi na paa nunga ndani ya kipolo. Mnyama huyo hapatikani duniani isipokuwa kwetu na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, na Sheria Namba 10 ya 1996 ya misitu haikutungwa kwa mchezo. Ukimhakikishia mtu kwamba akiumia atatolewa kwa fedha za umma, umempunguzia khofu, na khofu ndiyo iliyobaki kuwalinda hao wanyama. Wasasi na wachangishane wenyewe kila msimu kama wavuvi wanavyochangia chombo. Anayekwenda kwa hiari yake abebe hatari yake.

Mchangiaji, Kizimkazi

Mimi sina neno na wasasi, nina swali moja. Mama anayekata kuni maweni akiteguka nyonga, na yeye si msasi wala hana kibali, abebwe na nani?

Mtoa hoja

Nimeyasoma yote mawili, na nakiri kwamba swali la Kizimkazi limenibana zaidi kuliko pingamizi la Chwaka.

Nianze na Chwaka. Khofu unayoitegemea haifanyi kazi unayoidhani. Siku ile, kabla ya kupiga simu, tulipoteza karibu robo saa tukibishana tuseme nini tukiulizwa kibali kiko kwa nani, na msako wetu ulikuwa wa halali. Fikiria basi waliokuwa na paa ndani ya kipolo. Hao hawapigi simu kabisa, humficha mgonjwa nyumbani, wakamtia majani na chumvi, mpaka jeraha lioze. Paa keshakufa na mtu naye anafuata. Aliyevunja sheria apelekwe mahakamani, na mahakamani hupelekwa mtu aliye hai. Ama kuhusu kuchangishana kila msimu, tumejaribu. Fedha hukusanywa vizuri, kisha mwezi wa pili kuna arusi, mwezi wa tatu kuna msiba, na siku ya ajali mkoba ni mtupu.

Kwa Kizimkazi, naona nilikosea kufungamanisha jambo na kibali. Kinachofaa kuhudumiwa ni safari kutoka pahala pasipofika gari, awe aliyeumia ni msasi, mkata kuni, mchoma chokaa au mtoto aliyefuata mbuzi. Kisiwa chetu hakifiki kilomita 100 kwa urefu, kwa hivyo umbali wa kwetu haupimwi kwa kilomita. Madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, waliokuwepo Nairobi tangu 1957, wana maana kubwa Serengeti, lakini ndege haitui juu ya maweni, na hata ingetua, bado watu wanane wangehitajika kumfikisha kwenye ndege.

Namna ya kulipa tayari tunayo kwa mfano. Mpango wa m-mama, unaofanya kazi Bara na hapa Zanzibar, humsafirisha mama mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura: simu hupigwa, hutafutwa gari ya wagonjwa, ikikosekana huitwa dereva wa karibu aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Hakuna anayechangishana kando ya barabara. Mwenye pikapu wetu angeondoka palepale kama angejua fedha yake ipo. Kinachopungua ni kuongeza aina ya majeruhi wanaostahiki, kuandikisha na wenye gari za ng'ombe, na kuweka machela ya kweli kwa sheha wa kila shehia inayopakana na maweni. Wapo watakaosema fedha itoke katika zile dola 44. Mimi nasita, kwa kuwa fedha ya bima ina madai yake na ikichotwa kwa jambo jengine mgeni atakuwa na haki ya kulalamika. Ningependelea itengwe katika bajeti ya afya, waziwazi, hata ikiwa ndogo.

Ninachoomba sasa, kabla hatujaendelea kubishana juu ya kiasi, ni wasasi na wakata kuni wa Charawe, Ukongoroni na Mtende watuandikie njia zao za kutokea: wapi gari hufika, wapi simu hushika, na mtu hubebwa muda gani kabla ya hapo. Kwetu, kutoka pale alipoumia jirani yetu hadi inapofika gari ya ng'ombe, ni saa mbili na watu wanane, na simu haishiki mpaka upande juu ya jiwe kubwa lililo karibu na mbuyu.