Ushauri: kazi ya ofisa kwenye Hell Let Loose inanimaliza kabla ya mechi kwisha, wenzangu mnaimudu vipi?

Mtaa_wa_Pili:

Wakuu habari zenu,

Naomba msaada kwa wanaoijua vizuri Hell Let Loose, ule mchezo wa kompyuta wa Vita vya Pili vya Dunia. Nachezea PC, seva za Ulaya kwa sababu huku kwetu hakuna za karibu, pingi (ucheleweshaji wa mtandao) inacheza kati ya milisekunde 160 na 190.

Skwadi nyingi hazina ofisa (kiongozi wa skwadi), na bila ofisa hakuna autiposti (kituo cha skwadi kuibukia upya), kwa hiyo kila mtu akifa anatembea upya mwendo mrefu. Nikiichukua hiyo kazi mwenyewe, baada ya nusu saa kichwa kimejaa. Chaneli tatu za sauti zinaongea kwa pamoja: kamanda anadai garisoni (kituo cha timu nzima kuibukia), skwadi inauliza inaelekea wapi, jirani asiye wa skwadi yangu anapiga kelele kuna kifaru. Nikifungua ramani napigwa risasi. Mechi ya aina ya Warfare ni dakika 90, na nusu ya pili naongoza ovyo.

Je, kuna mpangilio wa kuifanya kazi hii bila kuchoka hivyo, au kuna kazi nyingine inayosaidia timu kiasi hicho hicho? Naomba kuwasilisha.

---

Garisoni_Kwanza:

Mkuu, hatua ya kwanza acha kupigana. Bunduki ya ofisa ni ya kujilinda. Ukiwa mstari wa mbele unatafuta vichwa huku ramani iko wazi, hayo uliyoyaeleza lazima yakupate, hata ungekuwa na pingi ya 20. Kaa meta 30 hadi 50 nyuma ya watu wako, mgongo kwenye ukuta au ua.

Kazi zako ni tatu na zina mpangilio wake: autiposti iwe hai, garisoni ijengwe, taarifa ifike kwa kamanda. Ikikujia kazi ya nne kabla hizo hazijakaa sawa, ikatae.

Mwanzo wa mechi ndio wenye uzito kuliko muda mwingine wote. Kabla hamjatoka makao makuu hakikisha skwadi ina sapoti (mbeba vifaa vya ujenzi). Kama hayupo, omba mtu abadili, usiondoke bila yeye. Pandeni lori, mshuke mraba mmoja wa ramani kabla ya pointi ya kati (eneo la kuteka), msiendeshe mpaka mlangoni kwake. Sapoti anaweka boksi lake lenye vifaa 50, na garisoni ndani ya eneo lenu inagharimu 50, kwa hiyo boksi moja linatosha. Unatoa saa ya ofisa (ndiyo kifaa chake cha kujengea), unajenga, unasema kwenye chaneli ya viongozi iko mraba gani. Kisha sogea mbele, weka autiposti. Hiyo haidai vifaa.

Ndani ya eneo la adui garisoni inagharimu 100. Hapo ndipo maofisa wengi hukwama: wanafika nyuma ya adui kimyakimya na sapoti mmoja, boksi linawekwa, saa inagoma. Unahitaji sapoti wawili, au lori la vifaa, au kamanda adondoshe vifaa kwa ndege. Lipange hilo kabla ya kuvuka.

Kuhusu umbali: mraba mkubwa wa ramani ni meta 200 kila upande, na garisoni mbili haziwezi kukaribiana chini ya meta 200. Ukiona ya mwenzako, hesabu mraba mzima kutoka pale ilipo ndipo utafute kichaka. Usianze kukimbia na boksi ukaja kukataliwa umeshafika.

Kosa linalopoteza pointi nyingi ni garisoni mbili zilizopangwa mstari mmoja nyuma ya pointi. Adui akipita ubavu mmoja anazifunga zote, watu wenu wanaanza kuibukia makao makuu, na hapo kelele za redioni zinaongezeka mara mbili. Zizunguke pointi: moja nyuma, moja kushoto, moja kulia. Ramani kama Foy, yenye mashamba ya wazi yaliyofunikwa theluji, itakulazimisha kuziweka mbali kidogo, kwenye miti au nyuma ya majengo. Kwenye msitu wa Hürtgen unaweza kusogea karibu zaidi kwa sababu mtu haonekani mbali.

Na ramani: ifungue ukiwa umekufa. Ile skrini ya kuibuka inakupa muda wa bure ambao hakuna anayekulenga. Angalia garisoni zipi zimebaki, nani wa skwadi yako yuko mbali na wenzake, na uamue jambo moja la kufanya ukiibuka. Moja tu. Litamke ukiwa bado kwenye skrini hiyo.

---

SautiMoja:

Nyongeza kwenye masikio, maana huko ndiko uchovu unakoanzia.

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, shusha ya jirani hadi chini ya nusu, ya skwadi iache katikati, ya viongozi iwe juu kidogo. Ukiziacha sawa, ubongo unazichuja zenyewe dakika 90 nzima, na hiyo ndiyo kazi inayokuchosha bila wewe kujua. Anayepiga soga au kucheza muziki mzime kwenye orodha ya wachezaji, huna haja ya kugombana naye.

Halafu weka kanuni mapema: "Kamanda akiongea, naomba kimya sekunde kumi." Itamke mara moja mwanzoni, kwa upole. Wengi wanaitii wakijua sababu. Na ukitaka kumjibu kamanda, kwanza acha kukimbia, lala nyuma ya kitu, ndipo ubonyeze. Kuongea huku unakimbia ndiko kunakozaa taarifa nusunusu, na kamanda atakuuliza tena, ukaishia kuongea mara mbili.

---

Boksi_50:

Mimi natofautiana kidogo na mkuu Garisoni_Kwanza. Kwa pingi yako na kwa uchovu huo ningekushauri uanze na sapoti mwenye maiki, si ofisa. Ofisa hajengi garisoni bila vifaa, na vifaa unavyo wewe. Sapoti anayejua kukaa karibu na ofisa, anayetaja "boksi lipo, liko tayari" bila kusubiri kuulizwa, amembebea mwenzake nusu ya mzigo na bado chaneli ya viongozi haimsumbui.

Mechi zikianza, pia kuna hili ambalo hukimbiliwa na wachache: injinia mmoja na sapoti mmoja wabaki nyuma wajenge nodi (vituo vya kumwongezea kamanda rasilimali) za watu, za risasi na za mafuta. Kila nodi inataka vifaa 50. Zisipojengwa, kamanda anabanwa: risasi za kuita ndege na mafuta ya kuleta vifaru vinamjia polepole. Kazi hiyo inakwisha mapema, haina mtu anayekupigia kelele, na inaonekana kwa timu nzima mpaka filimbi ya mwisho.

---

Garisoni_Kwanza:

@Boksi_50 nakubali kuhusu nodi. Ila akibaki sapoti siku zote, ile skwadi isiyo na ofisa inabaki vilevile, na hilo ndilo alilolileta hapa. Afanye yote mawili: aanze sapoti mpaka ajue garisoni zinakaa wapi kwenye ramani tatu nne, mfano Carentan, Sainte-Marie-du-Mont na Foy, kisha apande kuwa ofisa.

---

Mtaa_wa_Pili:

Asanteni sana wakuu, nimeanza kupata picha. Mawili yamebaki. Kiingereza changu cha maandishi ni kizuri, ila cha kuongea haraka kinanitoroka, hasa kamanda akiniita kwa ghafla. La pili: skwadi ikikataa kwenda ninakosema, nafanyaje?

---

Kipaza:

Kiingereza cha redio ni chepesi kuliko unavyodhani kwa sababu kinabebwa na namba. Taarifa nzuri ina vipande vitatu tu: nini, wapi, umbali. Ramani ina herufi na namba za miraba, na kila mraba umegawanywa tena miraba midogo tisa iliyopangwa kama vitufe vya namba kwenye kibodi ya kompyuta, 7 juu kushoto, 3 chini kulia. Ukisema kifaru, E5, kitufe cha 8, kamanda amekuelewa awe Mjerumani, Mholanzi au Mfaransa. Mwelekeo upe kwa nyuzi za dira: 240 inatosha, usihangaike na "nyuma ya lile jengo jekundu", maana anayekusikia anatazama upande mwingine.

Na weka alama kwenye ramani kabla ya kubonyeza maiki. Alama inazungumza kabla yako, wewe unathibitisha tu.

Usijaribu kuongoza bila maiki kabisa. Seva nyingi za jumuiya humtoa ofisa au kamanda asiyeongea. Vilevile angalia safu ya pingi kabla ya kuingia, zipo zinazotoa kwa nguvu wenye pingi ya juu. Ingawa kwa pingi ya 180 ofisa unamudu vizuri kuliko mwenye SMG (bunduki ndogo ya rashasha ya karibu): garisoni haijali milisekunde, ila ukikutana na mtu kwenye kona ya nyumba utakufa kabla hujamuona.

---

Dada_Mediki:

Kuhusu skwadi isiyosikia: amri fupi yenye sababu inafuatwa zaidi. Mfano, watu wako wanapenda kulala kwenye ua nje ya pointi na kupiga kwa mbali. Waeleze hivi: aliye ndani ya duara la pointi anahesabiwa kwa uzito wa watatu, aliye ndani ya sekta (eneo linaloizunguka pointi) lakini nje ya duara anahesabiwa mmoja. Kwa hiyo wanne waliomo ndani wanawashinda tisa walioko uani. Wakishaijua hesabu hiyo, wengi wanaingia wenyewe. Wawili wakikataa, waache walipo, waweke kama walinzi wa autiposti, fanya kazi na watatu waliobaki. Kupoteza dakika tano kumbembeleza mtu mmoja ni gharama kubwa kuliko kumkosa.

Niongeze na la mediki, kwa kuwa nayo iko kwenye orodha ya kazi za presha. Presha yake inatokana na kumkimbilia kila aliyeanguka. Aliyemuua bado anautazama ule mwili. Moshi uende kati ya mwili na adui, si juu ya mwili, maana ukiuweka juu unamwonyesha adui pa kupiga. Subiri utande, tambaa, amsha. Ukisikia bunduki ya rashasha bado inafagia mstari huo, mwache mtu huyo aibuke upya autiposti. Ofisa akiwa ameiweka karibu, hasara ni ndogo kuliko kulala wawili.

---

Mtaa_wa_Pili:

Dada, hiyo hesabu ya duara sikuwa naijua kabisa. Na je, mtu akishachoka katikati ya mechi?

---

MilMia9:

Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya kuhamia mizinga, mkuu. Mwambie mwenzako mapema, "dakika ya 45 nakuachia uofisa", aandae kichwa. Badili kazi kwenye skrini ya kuibuka, nenda makao makuu, mizinga ipo mitatu.

Hesabu yake ni tulivu. Kwa Wamarekani na Wajerumani: meta 100 ni mil (kipimo cha mwinuko wa mzinga) 978, meta 500 ni 883, meta 1000 ni 764, meta 1600 ni 622. Kila meta 100 zinapunguza takriban mil 24. Pima kwenye ramani: miraba mitano iliyonyooka ni meta 1000, weka 764, geuza mzinga kwenye nyuzi ulizopewa na ofisa, piga kombora moja, subiri arekebishe. Akisema ongeza meta 50, shusha mil 12. Usipige matano ya haraka kabla hajakujibu, hapo ndipo watu huua skwadi yao wenyewe iliyokwishaingia pointi.

Mlango mmoja wa makosa: mshale wa umbali ukienda kimshazari usihesabu miraba. Mitano kwa kimshazari ni karibu meta 1400, si 1000. Na ukiwa upande wa Wasovieti, mfano Kursk au Stalingrad, au upande wa Waingereza, jedwali lao ni lingine. Likariri kivyake au libandike pembeni ya kioo, usitumie hili la juu.