Mtoto afelishwe mkanda kwa kukosa jina la Kijapani?

Mleta mada

Wadau wa karate, naomba hili tulijadili waziwazi. Kila baada ya mitihani linasemwa pembeni, watu wanaudhika, kisha linaishia hapo hapo. Je, ni haki mtoto kunyimwa mkanda, yaani ngazi inayofuata, kwa sababu ameshindwa kutaja jina la mbinu kwa Kijapani, wakati mbinu yenyewe ameifanya sawasawa?

Nilikuwepo kwenye mtihani wa dojo (ukumbi wa mazoezi) moja ambalo sitalitaja. Mtoto wa miaka kama kumi aliitwa mbele. Akashuka zenkutsu-dachi, yaani msimamo wa kuegemea mbele, goti la mbele limekunjwa vizuri, kisigino cha nyuma kimekaa chini, hakikunyanyuka hata kidogo. Mkono ukapanda, ukapinduka mwishoni kabisa, ukasimama juu ya paji la uso kwa umbali wa ngumi moja. Mkono mwingine ulikuwa umesharudi ubavuni. Wakubwa wengi pale ukumbini hawaifanyi hivyo. Mtahini akamuuliza, "Hii inaitwaje?" Mtoto akajibu, "Kinga ya juu, sensei (mwalimu)." "Kwa Kijapani?" Mtoto kimya, macho chini. Jibu lilikuwa age-uke. Akafelishwa, na mzazi akatakiwa alipe ada ya mtihani upya awamu iliyofuata.

Msimamo wangu ni huu: istilahi zifundishwe, tena vizuri, lakini zisiwe kigezo cha kumfelisha mtoto wa mikanda ya chini. Mtihani wa karate ni mtihani wa mwili na adabu. Mtoto akisikia "age-uke" na mkono ukapanda, tayari anaijua istilahi. Kumtaka aikariri kwa mdomo ni somo jingine, nalo lisubiri mkanda wa kahawia, ule ulio chini ya mweusi, pale anapoanza kuwasimamia wenzake.

Najua hoja itakayokuja: haya ni mapokeo, hayaguswi. Basi tuyaangalie hayo mapokeo. Karate imetoka Okinawa, visiwa vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu mpaka Japani ilipovimeza rasmi mwaka 1879. Watu wake wana lugha yao, ambayo mtu wa Tokyo haielewi. Funakoshi Gichin, mwalimu wa Okinawa, alipokwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1922, kisha akabaki kufundisha, aliona majina ya nyumbani kwao hayawaingii wanafunzi wa huko. Akayabadilisha, hata ya kata, yaani mifululizo ya mbinu iliyopangwa. Pinan akaiita Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kushanku ikawa Kanku. Hata neno "karate" lenyewe lilikuwa likiandikwa kwa alama zenye maana ya "mkono wa China", na ni mwaka 1936, kwenye mkutano wa walimu mjini Naha, ndipo wakakubaliana kuandika "mkono mtupu". Kwa hiyo hao tunaowaita wazee wa mapokeo waliyageuza majina ili wanafunzi waliokuwa mbele yao waelewe. Sisi kwa nini tuone ni dhambi mtoto wa Morogoro kusema "kinga ya juu"?

Karibuni. Tujibizane kwa hoja.

Mwalimu wa dojo, Tanga

Ndugu mleta mada, nimekusoma na nakuheshimu, lakini nakupinga.

Kwanza, hakuna mtoto anayekariri mamia ya majina. Majina haya yana viungo. Mae ni mbele, yoko ni pembeni, ushiro ni nyuma, geri ni teke. Mtoto aliyeshika maneno hayo manne, siku nikisema ushiro-geri kwa mara ya kwanza, anageuka na kurusha teke la nyuma bila kuonyeshwa. Mwongezee jodan, chudan na gedan, yaani juu, kati na chini, hapo tayari anaweza kupokea amri nyingi kuliko mbinu zote alizowahi kufundishwa. Mtoto ambaye hajui maneno anasubiri kumwangalia wa mbele yake. Simama nyuma ya mstari wowote siku nikiita kihon, mazoezi ya mbinu za msingi, utawaona: wengine wanaanza, wengine wanafuata nusu hatua nyuma. Hao wanaofuata ndio wasiojua istilahi.

Pili, watoto wetu Kijapani hakiwasumbui kama unavyodhani. Silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, kama zetu. Kata, tatami, karate, mawashi. Kinachowapa shida ni "tsu" tu, badala ya "oi-tsuki" wanasema "oi-suki", na hilo nawasamehe.

Tatu, ukimwambia mtoto kuna sehemu ya mtihani isiyofelisha, haisomi. Ndivyo watoto walivyo, na wakubwa pia.

Mama wa watoto wawili, Nairobi

Mimi sina mkanda wowote, nalipa ada na kufua gi, yaani nguo za karate, kila wiki. Naomba niwaulize nyinyi walimu: mbona hamuwaambii watoto maana?

Mwanangu alirudi nyumbani na karatasi ya fotokopi, maneno yamejaa pande zote mbili, Kijapani kitupu. Hakuna mahali pameandikwa hii ni nini. Akayaimba kama mashairi mpaka akayamaliza. Nikamuuliza kiba-dachi ni nini, akasema, "Ni namba kumi na nne."

Na kuna jambo ambalo wengi hamlisemi. Shangazi yao alipomwona anapiga magoti, anafumba macho na kusema "mokuso", aliniambia nimempeleka mtoto kwenye dini ya watu. Nikaenda kwa sensei wake nikamuuliza. Akanieleza kwamba mokuso ni kutulia, kufumba macho na kurudisha pumzi kabla ya mazoezi na baada yake. Na "otagai ni rei" ni wanafunzi kuinamiana, yaani kusalimiana tu. Yakaisha siku hiyo hiyo. Angewaeleza wazazi wote siku ya kwanza, nyumba ngapi zingeepuka ugomvi huo?

Kocha wa mashindano, Mombasa

Mama, hoja yako ya maana naiunga mkono kabisa. Ila mleta mada anasahau ulingo.

Kwenye mashindano yanayofuata kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, refa haongei Kiswahili wala Kifaransa. Anasema "hajime", mnaanza. "Yame", mnasimama. Mikanda ni aka na ao, mwekundu na wa bluu. Pointi ni yuko, waza-ari na ippon, yaani moja, mbili na tatu. Ukitoka nje ya eneo unaitiwa jogai. Mchezaji anayechelewa kuielewa "yame" anapiga wakati mwenzake ameshashusha mikono. Hapo si suala la mapokeo tena, ni suala la mtu kuvunjwa pua, na adhabu juu yake.

Upande wa kata ndio kabisa. Mchezaji anaingia, anainama, anatangaza jina la kata yake kwa sauti. Akitaja jina moja akafanya nyingine, anaondolewa. Miaka ya mazoezi imekwenda hivyo. Karate ilipoingia Olimpiki ya Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021, ilikuwa hivyo hivyo, mchezaji wa Hispania na wa Uturuki wote wanatangaza kwa majina hayo hayo. Nani atampokea wa kwetu akitangaza jina alilolitunga kocha wake?

Wapiga vitara duniani kote wanaamriwa kwa Kifaransa. Wa judo kwa Kijapani. Wa taekwondo kwa Kikorea. Sijasikia wakilalamika.

Mleta mada

Kocha, amri za refa na majina ya kata sina ubishi navyo. Ni maneno machache na yana kazi yake. Mimi mwenyewe naona mtoto ayajue kabla hajavaa glavu za mashindano. Lakini refa gani aliwahi kumuuliza mchezaji zenkutsu-dachi inaitwaje? Tusifiche orodha nzima ya majina nyuma ya yale machache ya ulingoni.

Mwalimu wa Tanga, hoja yako ya viungo vya maneno ndiyo iliyonigusa zaidi, na ningependa kila dojo lifundishe hivyo. Ila angalia ulichokieleza: unasema "ushiro-geri" na mtoto anageuka. Huo ndio mtihani ninaoutaka! Sensei aite, mwili ujibu. Mtoto akikosea, afeli kihalali, maana hakuelewa. Yule niliyemsimulia hakuitiwa. Aliulizwa jina baada ya kufanya, kinyumenyume.

Tena mnasema majina yanatuunganisha. Kwa kiasi. Mtu wa mtindo wa Shotokan mwambie soto-uke, jina la kinga, mkono wake unatoka nje kuingia ndani. Mwambie wa mtindo wa Wado-ryu, wake unatoka ndani kwenda nje. Neno moja, mikono inakwenda pande mbili tofauti. Mmoja anautazama mkono umeanzia wapi, mwingine anatazama unakwenda wapi. Kwa hiyo mtoto anayehama dojo anaweza kufelishwa kwa jina sahihi alilofundishwa kule alikotoka.

Nikumbushe na la hapa kwetu. Miaka ya 1970 mtindo wa Goju-ryu ulipokuwa ikifundishwa Dar es Salaam pale Zanaki, dojo hilo liliitwa Hekalu la Kujilinda. Jina la Kiswahili, na lilitoa walimu waliokwenda kufundisha mbali. Hakuna aliyesema karate imepungua kwa hilo.

Mchangiaji, Bujumbura

Jameni, nyinyi mnaongea kama vile kila dojo lina lugha moja. Hapa kwetu mstari mmoja una mtoto wa Kirundi, mtoto wa Kifaransa ambaye Kirundi anakivunja, na mgeni kutoka Uvira anayesema Kiswahili cha Kongo. Sensei akianza kutafsiri, mazoezi yanakwisha bila jasho kutoka. Anahesabu ichi, ni, san, yaani moja, mbili, tatu, wote tunakwenda pamoja. Kijapani si cha yeyote kati yetu, ndiyo maana hakuna anayejiona mgeni.

Nimeshafanya mazoezi Kampala, sikujua Kiganda hata neno. Nilifunga mkanda, nikasimama mwisho wa mstari, nikafanya kipindi chote kama niko nyumbani. Mkisema kila nchi iwe na majina yake, milango hiyo mnaifunga.

Lakini kumfelisha mtoto? Hapana. Sensei wangu hutusahihisha jina palepale, tunalirudia wote kwa sauti, tunaendelea.

Mwalimu wa dojo, Tanga

Ndugu wa Bujumbura umenisemea. Na mama wa Nairobi, karatasi ya aina hiyo ni uvivu wa mwalimu, nasema bila kumwonea haya mwenzangu yeyote.

Mleta mada, kuhusu kuita badala ya kuuliza, sipingi kwa mikanda ya chini. Hata mimi nikifikiri vizuri, mtoto wa mkanda mweupe simuulizi, namwitia. Lakini nina swali. Tukianza kuandika Kiswahili pembeni ya kila jina, Kiswahili cha nani? Wewe unasema "kinga ya juu". Kwangu watoto wanasema "kuzuia juu". Nimesikia na "zuio". Geri ni teke, sawa, lakini zuki ni ngumi au pigo? Na kiba-dachi ni "mkao wa farasi", wakati mtoto hajakaa popote, amesimama na mapaja yanawaka moto. Tutaanza kufelishana kwa Kiswahili sasa.

Mleta mada

Swali zuri, na nalijibu hivi. Mpira wa miguu ulikuja na majina ya Kiingereza, leo tunasema kuotea, mlinda mlango, mpira wa adhabu. Hakuna mtahini aliyetulazimisha. Watangazaji wa redio walilazimika kumweleza msikilizaji asiyeuona uwanja, wakawa wanajaribu neno hili na lile, yakabaki yaliyoeleweka. Karate haijapata watangazaji hao, kwa hiyo kazi hiyo iko kwa walimu. Kila dojo litumie Kiswahili kinachoeleweka hapo, na kisitahiniwe. Kazi yake ni kumfafanulia mtoto. Jina la Kijapani libaki ndilo la pamoja, kwa sababu alizozitoa ndugu wa Bujumbura, na hapo sioni tunapogombana.

Ninachoomba kwa wakuu wa mitihani ni vitu vitatu tu. Chini ya mkanda wa kahawia, sensei aite na mtoto afanye. Mtoto anayetoka mtindo au dojo jingine aulizwe kwanza kule waliita vipi. Na atakayeshindwa majina peke yake, arudie majina peke yake, siku yoyote ya mazoezi, bila mzazi kutozwa ada ya pili.

Mama wa watoto wawili, Nairobi

Hilo la tatu hata kama mtakataa mengine yote, lipitisheni. Na ile karatasi, nani ananitumia yenye maana pembeni? Mtihani wao ni mwezi ujao.

Mwalimu wa dojo, Tanga

Mama, ya kwangu nimeiandika kwa mkono, nitaipiga picha leo jioni baada ya mazoezi. Ila niambie kwanza wanasoma mtindo gani, kwa sababu ya soto-uke.