Tupeane uzoefu: diski ya nje ikianza kugonga, mafaili uliyaokoaje?

#1
Wakuu habari za jioni. Mimi napiga picha za harusi. Juzi diski yangu ya TB 1 imeanza kulia tik, tik, tik, nikichomeka taa inawaka ila kompyuta inaganda, baada ya muda inatokea E: tupu alafu Windows inataka niifomati. Humo kuna harusi tatu na moja bibi harusi hajapata hata picha moja. Nimeichomoa, sijaigusa tena, usingizi hauji. Waliopitia hili naomba mtusimulie, kipi kilikubali na kipi kiliharibu zaidi.

#2
Pole sana kaka, kuichomoa umefanya la maana. Yangu ilidondoka mezani ikiwa inazunguka, nikawa nachomeka na kuchomoa labda mara ishirini nikijua itakubali tu, kumbe kile kichwa cha kusomea kishaumia na kila nikiwasha kinachuna sahani ambayo ndo data imekaa. Aliyekuja kuifungua kwa vifaa vyake alinionyesha, sahani inang'aa kama kioo alafu katikati kuna pete ya kijivu imechunika kabisa. Picha za arobaini ya baba zilikua humo. Hazikurudi.

#3
Yangu ilikua haigongi, inaganda tu ukifungua folda. Kijana wa ofisini akaiwasha kompyuta kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) ya kwenye flashi akatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ni ya bure. Haihangaiki na faili mojamoja, inanakili diski nzima kwenda diski nyingine, panaposomeka inachukua kwanza, penye ubovu inaruka alafu inarudi baadae, na inaandika ramani ya ilipofikia kwahiyo umeme ukikatika (kwetu ulikatika mara mbili) unaendelea ulipoishia. Ilienda siku nne usiku na mchana tumeiwekea feni pembeni, mwisho zikakosekana MB chache tu. Mafaili tukayatoa kwenye ile nakala, ile mbovu hatukuigusa tena. Mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na kabla ya kubonyeza hakikisha mara tatu ipi inatoa na ipi inapokea, ukigeuza umeandika juu ya kila kitu.

#4
Jamani chkdsk, ile ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, msiikubali kabla hamjanakili! Mimi Windows iliniuliza irekebishe nikasema sawa nikalala, asubuhi nakuta folda inaitwa found.000 imejaa vipande vya .chk, kazi ya miaka mitatu. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, ikanirudishia picha nyingi sana ila majina yote yamepotea, ni f na tarakimu tu, nikakaa wiki kadhaa nazipanga kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe. Na kitu kingine, unachookoa usikihifadhi humohumo kwenye diski unayookoa.

#5
Mimi niko Mombasa. Kwa ambao diski hailii chochote, anzeni na waya. Yangu ilikuwa inakatakata nikadhani imekufa, kumbe ule waya wa mdomo mpana umelegea, nikaazima mwingine na kuchomeka kwenye kompyuta moja kwa moja ikasoma. Ila msiwe wepesi wa kuvunja boksi la diski mkitaka kuichomeka bila waya wa USB, zingine tundu la USB limechomelewa kwenye bodi yenyewe, hukuti SATA (tundu la kuunga diski ndani ya kompyuta) humo.

#1
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Leo fundi mmoja Kariakoo alitaka kuifungua palepale barazani, vumbi lile, nikaikumbatia nikaondoka nayo. Bibi harusi nimempigia nikamwambia ukweli, amelia, na mimi nimelia. Sasa diski mpya ya TB 2 ninayo, hiyo ddrescue nijaribu nyumbani?

#2
Kwa mlio huo hapana kaka, usiiwashe hata mara moja. Hiyo ni ya kubadilishiwa vichwa, mtafute mwenye chumba kisicho na vumbi na diski ya modeli ileile ya kutolea vichwa, akishabadilisha ndo ananakili kwenda kwenye hiyo TB 2 yako. Gharama iko juu, muulize kwanza kama halipishi akikosa. Na ile kadi ya kamera ya siku ya harusi, ulishaifomati?

#1
Kadi! Moja sijaitumia tangu siku ile, iko kwenye begi. Ngoja nikaangalie.