Mrejesho: Kioo na ringi ya taa ya bwawa la kuogelea

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama naweza kubadilisha kioo kilichopasuka na ringi iliyoliwa na kutu kwenye taa ya ndani ya maji bila kukausha bwawa. Inawezekana kabisa.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikapima kwa tesita. Taa yangu imeshikwa na skrubu moja tu juu ya ringi. Ukiifungua unaivuta taa nje, na kwa kuwa waya wa ziada umezungushwa nyuma yake, inapanda hadi ukingoni. Unafanyia kazi pakavu.

Shughuli hasa ni ule mpira wa kuzuia maji. Wa zamani ulikuwa mgumu, umelala bapa upande mmoja, na ndani ya taa shaba ilishaanza kuota ukijani. Aliyenisisitizia ninunue mpira mpya, shukrani sana. Futa ukingo wa kioo mpaka usibaki mchanga, kisha kaza ringi kwa kupishana, huku kidogo, ng'ambo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mpira unakaa mshazari.

Kabla ya kuirudisha niliizamisha nikaangalia mapovu. Yalitoka machache yaliyonasa chini ya ringi, basi. Na msiijaribu ikiwa nje ya maji, jamani: balbu kama hii hupoozwa na maji, ikipata joto kavu kioo kipya kinaweza kupasuka.

Sasa inawaka vizuri. Fundi umeme atakuja kukagua waya wa ethi (ule wa usalama unaounganishwa na ardhi), hilo sikuligusa.