Mbweha kwenye theluji alikuwa anafanya nini?

Wakuu, hizi siku za baridi mtu unashinda kwenye blanketi tu, sasa jana nachungulia dirishani naona mbweha mwekundu kasimama kwenye theluji, anageuza masikio huku na huku, mara karuka juu akazamisha kichwa chote. Ile ni nini?

Jibu: Anawinda panya huyo, anawasikia wakitembea chini ya theluji. Umebahatika sana, mi nasafiri kote huko nikimtafuta na sijawahi kumwona akiruka!

Jibu: Ila usimrushie chakula tafadhali, akizoea watu woga unamtoka, anaishia kugongwa na magari.

Jibu: Mi siku za uvivu naangalia ndege, wanavyovimbisha manyoya ili hewa ibaki ndani iwatunzie joto, napenda mno.