Tupeane uzoefu: brauza kupepesa, kukata kingo na kuleta giza kwenye kompyuta ya mezani

Fundi, Morogoro (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi. Naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya kioo kusumbua mtu akiwa kwenye brauza, kwenye kompyuta ya mezani. Kupepesa, kurasa kugeuka nyeusi, maandishi kusambaratika, video kutoa sauti bila picha, chochote kilichokukuta. Kinachonisukuma ni kuona watu wananunua monita mpya au wanapiga Windows upya kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kugusa swichi moja. Pesa ya mtu inauma.

Ombi langu moja: usiandike tu "ilisumbua ikapona". Sema ilionekanaje, ulipima nini ukajua tatizo limekaa wapi, na nini kiliitibu.

Naanza. Mteja wangu ana steshenari karibu na stendi. Mashine yake ni mtumba kutoka Ulaya, grafiksi (sehemu inayochora picha za kioo) ni ya Intel, iko ndani ya prosesa. Akishusha ukurasa kwenye Chrome, vinatokea vipande vyeusi vya mstatili, vinapotea, vinarudi. Word iko sawa, Excel iko sawa. Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ikafunguka, nikaiweka juu ya Chrome. Chrome ikaendelea kupepesa pale nyuma, Task Manager imetulia kabisa. Kipimo hiki Microsoft wenyewe wanakielekeza: Task Manager nayo ikipepesa, ishuku draiva ya grafiksi (programu inayoiwezesha Windows kuitumia grafiksi), ikitulia, ishuku programu uliyofungua.

Nikaandika chrome://settings/system kwenye kisanduku cha anwani, nikazima swichi ya kuharakisha michoro, nikaifunga Chrome na kuifungua tena. Vipande vikaisha palepale.

Sababu yake ni kwamba brauza haichori ukurasa peke yake, kazi kubwa inaisukumia grafiksi. Chrome hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache na hujisasisha yenyewe, lakini draiva ya mashine ya mtumba inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Siku moja wanaacha kuelewana. Baadaye nilishusha draiva mpya kutoka tovuti ya watengenezaji wa ile kompyuta, nikawasha swichi tena, na kazi inaendelea vizuri.

Mwalimu, Singida

Asante mkuu kwa mada. Kwetu shida kubwa ni fomu za mtandaoni. Monita za maabara ni ndogo, 1366 kwa 768, na Windows ilikuwa imewekewa ukuzaji wa asilimia 125. Mwanafunzi anajaza fomu yote, akifika mwisho kitufe cha kutuma hakionekani, kimejificha chini ya kioo na ukurasa haushuki. Wapo walioondoka wakijua tovuti imekwama.

Tiba ni Ctrl na alama ya kutoa mpaka kitufe kitokee, ukimaliza unabonyeza Ctrl+0 kurudi asilimia 100. Jambo la kukumbuka: Chrome inahifadhi ukuzaji kwa kila tovuti peke yake. Kwa hiyo mtoto akizungusha gurudumu la mausi huku ameshika Ctrl, tovuti ile moja itabaki na herufi za sisimizi hata kesho, na nyingine zote ziko sawa. Ukiona tovuti moja tu ina herufi za ajabu, anzia hapo.

Mhasibu, Mombasa

Salaam aleikum nyote. Ofisini kwetu tuliunga kompyuta kwenye televisheni kubwa kwa waya wa HDMI ili watu waone mahesabu pamoja. Ukifungua brauza, safu ya tabu juu haionekani yote, upau wa chini wenye saa umekatwa nusu, na kile kialama cha kufungia dirisha kipo nje kabisa ya kioo. Kijana mmoja akasema ni F11 imebonyezwa, ile inayoifanya brauza ijaze kioo kizima. Tukaibonyeza, haikubadilika kitu, na hata picha ya mandharinyuma ya Windows ilikuwa imekatwa kingo zilezile. Hapo ndipo nilipojua brauza haina kosa.

Televisheni nyingi huikuza picha kidogo na kutupa kingo, desturi ya tangu enzi za televisheni za chogo. Dawa imo kwenye rimoti yenyewe: ingia menyu ya umbo la picha, chagua ile isiyokuza, inayoonesha picha kama ilivyo. Kila kampuni inaipa jina lake. Kwenye baadhi ya televisheni, ukiuita mlango ule wa HDMI "PC", mambo yanakaa sawa yenyewe. Msihangaike kupunguza resolusheni, maandishi yatakuwa ukungu.

Mdau, Mwanza

Kisa changu ni cha rangi. Mke wangu alilalamika kuwa intaneti imekuwa ya njano. Kurasa zote nyeupe zimekuwa njano, na kwa kuwa yeye kazi yake yote iko kwenye brauza, aliamini ni virusi. Nikapiga picha ya skrini kwa kitufe cha PrtSc, nikaihifadhi na kuituma kwenye simu. Kwenye simu nyeupe ni nyeupe kabisa. Maana yake kompyuta inatoa rangi sahihi na kinachoharibika kipo njiani, baada ya kompyuta.

Monita yetu inatumia waya wa VGA wa bluu. Kwenye VGA, nyekundu, kijani na bluu kila moja ina pini yake, 1, 2 na 3. Bluu isipofika, nyeupe inageuka njano. Nyekundu isipofika, utaona samawati ya kijanikijani. Kijani isipofika, zambarau. Nilichomoa waya na kumulika kichwa chake kwa tochi, pini ya 3 imelala ubavuni. Nikainyanyua taratibu kwa ncha ya sindano, kompyuta ikiwa imezimwa, nikafunga zile skrubu mbili za pembeni. Nyeupe ikarudi. Tahadhari kwa atakayechungulia: waya nyingi hazina pini ya 9 tangu kiwandani, usidhani imekatika.

Fundi, Morogoro

Mkuu wa Mwanza, hiki kipimo cha picha ya skrini naomba kila mtu akishike. Kasoro ikionekana hata kwenye picha uliyotuma simuni, tafuta ndani ya kompyuta. Isipoonekana, mara nyingi ni waya, monita au umeme. Pia washa mashine uingie kwenye BIOS, yaani menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka: kioo kikipepesa hata humo, brauza na Windows havihusiki.

Dada wa saluni, Arusha

Jamani mimi swali. Nimezima hiyo swichi ya Chrome, kupepesa kumeisha, lakini sasa video zinakwamakwama na feni inapiga kelele. Niiache hivyo?

Fundi, Morogoro

Dada, usiiache kama suluhisho la kudumu. Ukizima, kufungua video kunabebwa na prosesa, na prosesa ya zamani inachemka. Tafuta draiva sahihi kwanza, kisha uwashe tena. Ukikosa kabisa draiva, punguza ubora wa video hadi 720 au 480. Ukitaka kuhakiki, andika chrome://gpu: pale juu utaona orodha ya kazi zipi zinafanywa na grafiksi na zipi zimerudi kwa prosesa. Kwa wa Firefox ni about:support.

Msimamizi wa maabara, Eldoret

Mashine zetu zilikuwa za Windows 7. Kurasa zilianza kupangika ovyo: menyu juu ya picha, maandishi yakipandana, safu tatu zikawa moja ndefu. Kwenye simu tovuti zilezile zilikuwa sawa. Hapa hakuna swichi ya kuzima. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7 na 8.1, na tovuti zinaandikwa kwa mbinu ambazo brauza hiyo haizijui. Firefox 115 ESR, toleo linalosaidiwa kwa muda mrefu zaidi, ilitusogeza kwa muda. Kwa mashine ambazo hazingeweza kubeba Windows mpya tuliweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na brauza ya sasa, na kurasa zikajipanga. Wenye Windows 10 wajue usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa brauza bado zinaikubali.

Mdau, Muscat

Kwangu ilikuwa sinema za kulipia. Familia iko Zanzibar, nikawashirikisha skrini tuangalie pamoja, wao wanasikia sauti tu na kuona weusi. Hiyo si kasoro ya kompyuta. Filamu hizo zina kinga ya hakimiliki, na kushirikisha skrini huzuiwa makusudi.

Mhudumu wa saiba, Kisumu

Fupi tu: mteja alikuwa akiandika kwenye fomu na herufi hazionekani, ni nyeupe juu ya nyeupe. Nikafungua ukurasa uleule kwenye dirisha la faragha, herufi zikatokea. Dirisha la faragha la Chrome haliruhusu viendelezi (programu ndogo zinazobandikwa kwenye brauza) mpaka wewe uruhusu, kwa hiyo nikajua ni kiendelezi. Kilikuwa kile cha kugeuza kurasa kuwa nyeusi usiku. Nikakiondoa, basi.

Kijana wa uhariri wa video, Dar

Wakuu, changu bado hakijapona. Monita mbili, moja 60 Hz na nyingine 144 Hz, yaani mara ambazo kioo hujichora upya kwa sekunde. Brauza ikicheza video kwenye ya pili, ile ya kwanza inazima sekunde moja na kuwaka. Ctrl+Shift+Windows+B inaamsha grafiksi upya na kunipa utulivu wa muda mfupi, kisha inarudia.

Fundi, Morogoro

Mkuu, ziweke zote 60 Hz kwanza, uzitumie siku nzima. Ikitulia, shida iko kwenye tofauti ya kasi. Isipotulia, badilishana waya za monita hizo mbili uone kama kuzima kunahama na waya. Kisha tubandikie hapa zile mistari za juu za chrome://gpu pamoja na tarehe ya draiva.