Mtoto wa miaka miwili hali mpaka awekewe katuni, nifanyeje?

Mama Zuu: Habarini wapendwa. Binti yangu ana miaka miwili na miezi miwili, na kumlisha ni vita. Bila katuni za kwenye simu hafungui mdomo. Akifungua, tonge analiweka shavuni analilinda kama mali ya urithi. Juzi kasinzia na wali mdomoni. Dada wa kazi kaanza kumziba pua ili ameze. Mama mkwe naye kila asubuhi anamshika mkono: "Mjukuu wangu kakonda." Alizaliwa na kilo 3.1, alipotimiza mwaka alikuwa na 9.3, sasa 11.1. Nimtafutie dawa ya hamu ya kula?

Nesi wa Zamu: Kumziba pua kukome leo hii. Watoto wanapaliwa hivyo, chakula kinaingia njia ya hewa. Halafu angalia mstari kwenye kadi ya kliniki, achana na vidole vya bibi. Kwa mwaka mmoja mtoto hufikisha kama mara tatu ya uzito wa kuzaliwa, na wako kafikisha. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi mbili na nusu tu, ndiyo maana njaa inapungua. Dawa usinunue kiholela. Mstari ukilala au ukishuka, mpeleke kliniki.

Kijogoo: Acheni uzungu. Sisi tulilishwa kwa fimbo na tumekua.

Shemeji Lao: Na mimi mkuu. Nina miaka 41, nikisikia harufu ya mlenda natoka nje.

Baba Wawili: Mama Zuu, kabla ya mlo wa mchana anapewa nini?

Mama Zuu: Saa nne kikombe cha maziwa, halafu juisi ya boksi. Biskuti akilia. Wali saa saba.

Baba Wawili: Sasa njaa itoke wapi, dada yangu? Mimi kwa wa kwanza kosa lilikuwa lingine: "Maliza sahani upate soda." Akajua soda ni zawadi na mchicha ni adhabu. Leo ana miaka tisa, uzito umezidi, na hata akishiba anakula mpaka sahani ing'ae. Kwa mdogo wake tukagawana kazi: sisi tunapanga chakula gani na saa ngapi, kiasi anaamua mwenyewe. Milo mitatu, vitafunwa mara mbili, katikati maji tu. Nusu saa ikiisha sahani inaondoka, hakuna ugomvi. Mchicha aliukataa kama mara kumi. Tuliendelea kuuweka tu, hadi siku alipomwona kaka yake anaugombania.

Mama Zuu: Mrejesho, siku ya tano bila simu. Mbili za kwanza tulilia wote. Leo kakaa mkekani na sisi, nikamkataza kila mtu kumtazama. Kachovya ugali mwenyewe kwenye mchuzi wa dagaa, matonge manne, akasema "basi". Bibi alikuwa ameshanyoosha kijiko. Nikamwahi mkono.